Lehemu 6.2 kwenye karatasi ya majibu: inakuambia nini hasa kuhusu moyo wako?

#1 Hadubini Kongwe

Wakuu salaam.

Mimi ni mtu wa maabara, si daktari. Nalisema mapema ili mtu asije akanikaba huko mbele. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila panapofanyika kambi ya kupima afya, au ofisi ikiwapima wafanyakazi wake, simu yangu hujaa picha za karatasi za majibu. Swali huwa moja: "Kolesteroli yangu ni 6.2, pembeni kuna herufi H, je, moyo umeshaharibika?" Wengine wanauliza wakiwa wameshanunua unga wa majani kwa jamaa aliyetandika meza palepale mlangoni.

Tuanze na hiyo H. Mashine huigonga pale namba inapovuka kiwango ilichowekewa, basi. Haijui kama wewe ni binti wa miaka 29 au mzee wa 66 mwenye kisukari anayevuta sigara tangu yuko sekondari. Kwa milimoli kwa lita, lehemu (ndiyo hiyo kolesteroli) ya jumla ikivuka 5.2 maabara nyingi huiwekea alama, na LDL, yaani lehemu iliyobebwa na chembechembe nitakazozieleza hapa chini, ikivuka 3 na kitu vilevile. Ukitumiwa majibu ya Marekani yameandikwa 240 usizimie, ni ileile 6.2. Gawa kwa 38.67.

Lehemu yenyewe si takataka. Mwili unaitumia kwenye kuta za seli, nyongo na homoni za uzazi, na sehemu kubwa ini linaitengeneza lenyewe hata ukishinda na mchicha mtupu. Shida iko kwenye usafiri. Mafuta hayachanganyiki na maji ya damu, kwa hiyo hubebwa ndani ya chembechembe zilizofungwa na protini. Zile za LDL zikiwa nyingi kwa miaka mingi hupenya ukuta wa mshipa, zinakwama humo, kinga ya mwili inazivamia, utando unajengeka. Siku utando ukipasuka, damu inaganda juu yake na mshipa wa moyo unaziba. Mwaka 1913 huko St Petersburg, Nikolai Anitschkow aliwalisha sungura lehemu akaona mishipa yao inaota utando. Ushahidi umelundikana toka hapo. Kwamba LDL ni chanzo, kwangu mjadala huo umefungwa.

Ila kitu kinaweza kuwa chanzo halisi cha ugonjwa na bado kikawa mtabiri dhaifu wa nani ataugua. Hapa ndipo karatasi za kambi zinapowapoteza watu.

Mwaka 1948 katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, waliandikishwa watu 5,209 wa miaka 30 hadi 62, wakaanza kufuatiliwa. Mwaka 1961 William Kannel na wenzake walitoa ripoti iliyoipa dunia dhana ya vihatarishi: presha ya juu, lehemu ya juu, ukuta wa moyo ulionenepa. Wenye lehemu ya juu waliugua zaidi, hilo lilionekana wazi. Lakini ukichora mchoro wa lehemu za waliougua, halafu mchoro wa wale ambao hawakuugua, michoro hiyo miwili inalaliana karibu kote. William Castelli, aliyekuja kuuongoza utafiti huo baadaye, aliandika kwamba 35% ya waliopata ugonjwa wa mishipa ya moyo pale walikuwa na lehemu ya jumla chini ya 200, yaani chini ya 5.2. Kwenye karatasi za kambi hao wote wangetoka bila H na kuambiwa wako vizuri.

Sababu yake ni hesabu tu. Wengi wetu tuna lehemu za katikati. Geoffrey Rose wa London aliieleza vizuri miaka ya 1980: kundi kubwa la watu wenye hatari ndogo hutoa wagonjwa wengi kuliko kundi dogo la watu wenye hatari kubwa. Ukiwafuata wenye H peke yao, wagonjwa wengi wa kesho wanakupita pembeni.

Kinachofanya kazi ni kuiweka namba hiyo pamoja na nyingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya mwaka 2019, zimegawa dunia katika kanda 21, na Afrika Mashariki tuna chati yetu. Zinahusu watu wa miaka 40 hadi 74 ambao bado hawajapata shambulio la moyo wala kiharusi. Unaingiza umri, jinsia, sigara, kisukari, presha (ile namba ya juu) na lehemu ya jumla, inakupa hatari ya miaka 10 kwa asilimia na rangi: kijani chini ya 5%, njano, machungwa, nyekundu, hadi nyekundu iliyokolea kwa 30% na zaidi.

Sasa chukua watu wawili wenye 6.2 ileile. Mama wa miaka 42, havuti, hana kisukari, presha 116: yuko kijani. Mzee wa miaka 63, anavuta, ana kisukari, presha 168: yuko kwenye rangi za kuelekea nyekundu. Wote wana H.

Kwa hiyo ukipokea karatasi, swali la kumuuliza daktari si "kolesteroli iko juu?" Muulize: "Hatari yangu ya miaka 10 ni asilimia ngapi?" Akishindwa kujibu kwa sababu presha yako haikupimwa, umeshajua tatizo liko wapi.

Karibuni.

#2 Mtaa wa Saba

Nimewahi siti ya mbele. Tiririka mkuu.

#3 Kilo Tisini

Aisee. Mimi nilikuwa na 6.4 mwaka jana, nikaacha mayai, nikaacha chipsi, nikanywa malimao na vitunguu swaumu mpaka mke akahamia chumba cha watoto. Presha sijapima toka niingie kazini. Duh.

#4 Hadubini Kongwe

Mkuu Kilo Tisini, mayai uliyaonea. Wamarekani wenyewe waliondoa ile mipaka ya miligramu 300 za lehemu kwa siku kwenye mwongozo wao wa chakula wa 2015. Lehemu iliyo ndani ya chakula inapandisha ya kwenye damu kidogo tu kwa watu wengi. Inayopandisha zaidi ni mafuta yanayoganda: siagi, samli, mafuta ya mawese, mafuta ya wanyama. Chipsi uliacha kwa faida, nisikudanganye.

Presha kapime.

#5 Nyama Kwanza

Mleta uzi umejitahidi ila umerudia hadithi za kampuni za dawa. Naomba ujibu haya mawili.

La kwanza: mwaka 2009 ulitoka utafiti wa hospitali za Marekani, wagonjwa zaidi ya laki moja na thelathini elfu waliolazwa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Karibu nusu walikuwa na LDL chini ya 2.6. NUSU. Kama LDL ndiyo mchawi, hawa wamerogwa na nani?

La pili: Wamasai. Maziwa, nyama, damu. Walipimwa miaka ya sitini na wazungu wenyewe wakakuta mioyo iko salama. Hapa hapa kwetu. Kwa nini hili hamlisemi?

#6 Mama Pacha

Huyu Nyama Kwanza kila uzi wa afya yumo 😂

#7 Hadubini Kongwe

Mkuu Nyama Kwanza, maswali ni ya haki. Nitayajibu yote.

La 2009 nalijua, na takwimu umezitaja vizuri. Ila angalia damu ilichukuliwa lini: watu wameshalazwa. Shambulio la moyo likitokea, LDL huanza kushuka ndani ya siku moja au mbili, kama inavyoshuka mtu akiwa na maambukizi makali. Isitoshe, mmoja kati ya watano alikuwa tayari anameza dawa za kushusha mafuta. Pia 2.6 si sifuri. Mtoto mchanga ana LDL ya chini kuliko hapo, hiyo 2.6 ni ndogo tu ukilinganisha na Wamarekani wenzao. Baada ya hayo yote bado kinachobaki kinakubaliana na post yangu ya kwanza: LDL peke yake inatabiri vibaya. Hakionyeshi kwamba haisababishi.

Ukitaka kuona kusababisha, nenda kwenye jeni, maana jeni hazijui kampuni ya dawa. Kuna protini inaitwa PCSK9 ambayo kazi yake ni kuharibu vipokezi vinavyoitoa LDL kwenye damu. Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas waligundua kwamba kati ya Wamarekani weusi, 2.6% wamezaliwa na nakala moja ya jeni hiyo iliyovunjika. LDL yao ilikuwa chini kwa 28% toka kuzaliwa. Mwaka 2006 walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa takribani miaka 15: ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa chini kwa 88%. Hao hawakuwa malaika. Wengi walikuwa na presha, wapo waliovuta, wapo wenye kisukari. Na mwaka 2007 alielezwa mwanamke mmoja wa Zimbabwe mwenye nakala zote mbili zilizovunjika, LDL yake karibu 0.4, mzima kabisa na amezaa. Ni damu ya Kiafrika iliyoionyesha dunia njia hii, kisha dawa za PCSK9 zikatengenezwa kwa kuiga.

Angalia pia tofauti ya 28% na 88%. Ukishusha LDL kwa dawa ukiwa na miaka 60 hupati 88%. Waliozaliwa nayo chini wamepata miaka hamsini ya mishipa kutoguswa. Kinachojenga utando ni kiwango mara miaka, na kipimo kimoja cha kambi kinakuonyesha siku moja tu.

Wamasai sasa. Aliyewapima ni George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, huku huku Tanganyika, akachapisha 1964. Kweli walikula maziwa na nyama kwa wingi, na ugonjwa wa moyo haukuonekana. Ila watu huishia hapo. Lehemu ya damu yao ilikuwa CHINI, chini sana kuliko ya Wamarekani wa umri wao. Kwa hiyo Wamasai wanaisumbua nadharia ya kwamba chakula fulani lazima kipandishe lehemu, na Mann mwenyewe aliwatumia kuipinga. Kwamba lehemu ikipanda moyo unaumia, hilo hawaligusi, kwa sababu yao haikupanda. Halafu mwaka 1972 akachapisha uchunguzi wa mioyo 50 ya Wamasai waliofariki. Alikuta utando upo kwenye mishipa, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kiasi kwamba damu ilipita bila taabu. Alidhani ni kwa sababu ya kutembea maisha yao yote. Mkuu, wewe unatembea kilomita ngapi ukitoka kwenye nyama choma?

#8 Nyama Kwanza

Natembea mpaka kwenye bodaboda 😀. La lehemu yao kuwa chini sikuwa nalijua, nitalitafuta. La jeni nakaa nalo kwanza.

#9 Mwana wa Makorora

Na sie wa pwani je? Nyumba yetu wali wa nazi, maharage ya nazi, samaki wa nazi, mchicha wa nazi. Bibi yangu kafa na tisini na kitu. Mamangu ana 6.8 na anaambiwa aache nazi. Kwa mwanamke wa Tanga huko ni kumwambia ahame.

#10 Hadubini Kongwe

Asimwage tui lote, apunguze. Mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni yale yanayoganda, na yanapandisha LDL. Tui jepesi la mara ya pili lina mafuta machache kuliko tui la kwanza, hapo ana pa kuchezea.

Ngoja nikupe kisa cha karibu na sisi. Mauritius mwaka 1987 serikali ilibadilisha mafuta ya kupikia ya mgao, yaliyokuwa karibu yote mawese, wakaweka ya soya. Walipopima tena 1992, wastani wa lehemu ya jumla kwa watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Nchi nzima, bila kidonge, ingawa kampeni za elimu ya afya nazo zilikuwepo. Hiyo ndiyo njia ya Rose niliyomtaja juu: unasogeza kila mtu kidogo badala ya kuwawinda wenye H.

Na kahawa mnaiachia wapi? Kahawa ya kuchemshwa isiyochujwa kwa karatasi ina mafuta yaitwayo kafestoli, na yanapandisha LDL. Hapa hata mimi najitetea, sijaacha vikombe vyangu vya jioni.

Bibi yako Mungu amrehemu. Bibi mmoja wa miaka tisini hathibitishi kitu, kama ambavyo mtu mmoja aliyeanguka na lehemu ya 4.5 hathibitishi.

Presha ya mama ni ngapi?

#11 Mwana wa Makorora

Ana dawa ya presha ila humeza akiumwa kichwa.

#12 Hadubini Kongwe

Sasa hapo ndugu yangu nazi iweke kando kabisa. Utafiti wa wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa 2014 ulikuta presha ndiyo chanzo kinachoongoza, karibu nusu ya wagonjwa wote. Si mafuta yaliyoziba mishipa. Moyo wa Mtanzania mara nyingi unachoka kusukuma damu dhidi ya presha iliyoachwa miaka. Ongeza na kiharusi, ambacho presha ndiyo baba yake. Dawa ya presha humezwa kila siku, kichwa kiume kisiume.

#13 Binti Kitunda

Hadubini naomba unisaidie na mimi. Nina miaka 31. Chati umesema inaanzia 40. LDL yangu ni 6.1, si jumla, ni LDL. Kaka yangu alianguka akafariki na miaka 39, tukaambiwa ni moyo. Baba naye aliondoka mapema. Mimi sina presha, sivuti, ni mwembamba. Daktari wa kwanza aliniambia "bado mdogo, fanya mazoezi."

#14 Hadubini Kongwe

Pole sana dada kwa kaka na baba.

Wewe achana na chati kabisa. Chati ya miaka 10 kwa mtu wa miaka 31 itasema hatari ni ndogo, kwa sababu umri ndio unaobeba uzito mkubwa humo ndani. LDL ya 4.9 na kuendelea ina kanuni yake: hutibiwa bila kusubiri asilimia. Na ukiweka 6.1 pamoja na kaka wa miaka 39, kinachotakiwa kufikiriwa ni lehemu ya juu ya kurithi. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Nobel mwaka 1985 kwa kuonyesha kwamba wenye hali hii wana upungufu wa vipokezi vya LDL kwenye ini, damu haisafishwi ipasavyo toka tumboni mwa mama. Ipo kwa takribani mtu mmoja kati ya 250 hadi 300, si ugonjwa wa kutafuta kwa tochi.

Muone daktari wa moyo. Mwambie hadithi ya familia kwanza kabla ya kumpa karatasi. Mwambie aangalie kano za kisigino kama zimenenepa na macho kama yana duara jeupe pembezoni mwa sehemu nyeusi. Apime pia tezi ya shingo, maana ikilegea nayo hupandisha LDL. Ndugu zako wa damu wote wapimwe, na watoto wa marehemu kaka wasisahaulike: kila mmoja ana nusu kwa nusu ya kurithi. Mazoezi fanya, ila mazoezi hayaongezi vipokezi.

Hapa, tofauti na kwa wengine wote humu, namba moja inatabiri sana.

#15 Binti Kitunda

Nimelia kidogo. Asante. Watoto wa kaka ni wawili, nitawapeleka.

#16 Mbeba Maboksi

Niko Minnesota. Huku daktari wangu aliniwekea kwenye kompyuta hesabu ya zamani ya 2013, ile inayokuuliza kama wewe ni mweusi au mweupe. Nikamwambia mimi ni Mnyamwezi, baba zangu hawakulima pamba Alabama, inanihusu vipi? Alicheka. Safari hii katumia mpya inaitwa PREVENT, ya chama chao cha moyo, ya 2023. Rangi wameiondoa, wameongeza kazi ya figo, inaanzia miaka 30, na inatoa hatari ya miaka 10 na ya 30. Hatari yangu ilishuka ukilinganisha na ile ya kwanza, damu ni ileile.

Pia alinipima kitu kinaitwa Lp(a). Ikawa juu.

#17 Hadubini Kongwe

Mkuu umeleta nondo. Wasomaji mwone hapo: damu ileile, hesabu mbili, asilimia mbili. Asilimia hizi ni makadirio ya kundi la watu wanaofanana na wewe, hazijaandikwa kwenye paji la uso. Ndiyo maana chati ya kanda ni muhimu. Hesabu iliyopikwa Framingham kwa watu weupe ukiileta Singida haitakaa sawa.

Lp(a) ni ndugu wa LDL aliyevishwa protini ya ziada. Kåre Berg wa Norway aliigundua 1963. Karibu yote ni ya kurithi, chakula hakiisogezi, unapima mara moja maishani inatosha. Watu weusi kwa wastani tuna viwango vya juu kuliko wazungu. Hapa nyumbani si kila maabara inapima. Kwako, kwa kuwa iko juu, daktari ataibana LDL zaidi.

#18 Kilo Tisini

Swali la kizembe: mimi HDL yangu ni 2.1, nikaambiwa ni "mafuta mazuri" yananilinda. Si inafuta dhambi za LDL?

#19 Hadubini Kongwe

Kila mtu alidhani hivyo. Kampuni moja ilitengeneza torcetrapib, dawa iliyopandisha HDL kwa 72%. Jaribio lenye watu zaidi ya 15,000 lilisimamishwa Desemba 2006 kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wanakufa zaidi. Baadaye uchunguzi wa jeni ukaonyesha waliozaliwa na HDL ya juu kidogo hawapati pungufu lolote la shambulio la moyo. HDL ya chini ni ishara nzuri ya kutabiri, mara nyingi inaambatana na kitambi, sukari na uvivu, ndiyo maana imo kwenye hesabu za Wamarekani na Waingereza. Kuipandisha hakuleti kinga. Yaani ni kinyume cha LDL.

Ukitaka namba moja rahisi toka kwenye karatasi yako, toa HDL kwenye lehemu ya jumla. Kinachobaki ni mafuta yote yanayoweza kuingia ukutani. Mimi naipenda kuliko LDL yenyewe, na sababu yake inahusu kazi yangu, mnivumilie.

LDL mnayoiona kwenye karatasi, maabara nyingi haijaipima. Imekokotolewa. Kanuni ni ya Friedewald, 1972: jumla, toa HDL, toa trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) iliyogawanywa kwa 2.2. Trigliseridi ikivuka 4.5 kanuni inavunjika na LDL inayotoka haina maana. Nimewahi kushikiwa karatasi yenye LDL ya kutisha kwa udogo, mwenyewe anajipongeza, kumbe alitoka harusini, trigliseridi iko mbinguni. Jumla na HDL hazibadiliki sana ukiwa umekula, ndiyo maana toka 2016 wataalamu wa Ulaya walishasema si lazima kufunga kwa kipimo cha kwanza. Trigliseridi ikitoka juu ndipo urudi umefunga. Wajawazito msipime kwa ajili ya utabiri, lehemu hupanda ujauzito ukikua. Na ukitoka kuugua malaria kali au nimonia, subiri wiki kadhaa.

#20 Jina Jipya Leo

Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu. Natumia dawa za VVU za CTC (kliniki ya matunzo na tiba) miaka mingi, virusi havionekani. Lehemu 5.9. Kwenye kadi yangu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za moyo.

#21 Hadubini Kongwe

Karibu, na umefanya vizuri kuuliza. Chati za kawaida huwa zinaipunja hatari yenu, kwa sababu virusi vyenyewe vinaacha uvimbe mdogo wa muda mrefu kwenye mishipa hata vikishadhibitiwa, na baadhi ya dawa zinapandisha mafuta. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao REPRIEVE: watu 7,769 wanaoishi na VVU, wa nchi 12, Uganda ikiwemo, ambao kwa hesabu za kawaida walionekana wa hatari ndogo au ya kati. Waliopewa pitavastatini, moja ya statini, yaani dawa za kushusha LDL, walipata matatizo makubwa ya moyo na mishipa pungufu kwa 35%.

Usiende duka la dawa kujinunulia. Simvastatini haichanganywi na dawa zenye ritonaviri, inaweza kuyeyusha misuli. Muulize daktari wa CTC, akiwa na orodha ya dawa zako mkononi. Na akupime presha.

#22 Mama Pacha

Ukiambiwa hatari ni 3% unapewa dawa au hupewi? Mimi niko kijani kama yule mama wa mfano ila jirani yangu kasema bora kumeza kuliko kujuta.

#23 Hadubini Kongwe

Tufanye hesabu. Statini zikishusha LDL kwa milimoli 1 kwa lita, matukio makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa karibu moja ya tano. Moja ya tano hiyo ni ileile kwa watu wengi, kinachotofautiana ni moja ya tano ya nini.

Chukua akina mama 1,000 wenye 3%. Bila dawa wataugua 30 ndani ya miaka 10, kwa dawa 24. Sita wamesaidika, 994 wamemeza kila siku bila tofauti kwa kipindi hicho. Chukua wazee 1,000 wenye 25%. Bila dawa 250, kwa dawa 200. Hamsini. Kidonge ni kilekile, na pengine lehemu ni ileile.

Ndiyo sababu hatari ndiyo inayotibiwa. Na ndiyo sababu mzee mwenye kisukari na LDL ya 2.9 isiyo na H anaweza kuandikiwa statini, akatoka analalamika kwamba daktari hajui kusoma karatasi. Aliyekwisha kupata kiharusi au shambulio haulizwi asilimia, anapewa.

Wewe kijani, na kama LDL yako haijafika 4.9, pika vizuri, tembea, rudi baada ya miaka michache. Jirani mwambie ameze za kwake.

#24 Zahanati ya Kijiji

Mimi ni muuguzi, tuko mbali na mjini. Kipimo cha lehemu hatuna kabisa. Kwa hiyo sisi hatutabiri?

#25 Hadubini Kongwe

Mnatabiri, tena vizuri. Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mbili. Ya pili haihitaji maabara: umri, jinsia, sigara, presha, na uzito ukilinganishwa na urefu. Mashine ya presha, mizani na rula. Ukichapisha ile ya kanda yetu ukaibandika ukutani, utawatenganisha watu wa kupeleka hospitali ya wilaya na wa kubaki nao. Udhaifu wake ni kwamba haiulizi kisukari, wenye kisukari inawapunja, kwa hiyo hao wapeleke hata kama rangi inakutuliza. Watu kama Binti Kitunda pia itawakosa.

Inasikitisha kusema hivi mimi ninayekula kwa maabara, ila kama zahanati ina hela ya kununua kitu kimoja, inunue mashine nzuri ya presha na betri za akiba.

#26 Mtaa wa Saba

Nimesoma mwanzo mwisho. Mzee wangu, miaka 67, alipimwa kwenye kambi juzi. Jumla 5.0, HDL 1.1, hana H hata moja, kafurahi kaenda kuchinja kuku. Sigara aliacha zamani. Presha hawakumpima, foleni ilikuwa ndefu. Nimeenda jioni hii na mashine ya jirani: 174 kwa 102. Nifanyeje?

#27 Hadubini Kongwe

Akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, asiongee, mkono juu ya meza usawa wa moyo, atulie dakika tano. Asiwe ametoka kunywa kahawa. Pima mara mbili ukiacha dakika moja, andika zote. Pima na mkono wa pili.

Ikifika 180 kwa 110, au akiwa na maumivu ya kifua, akihema kwa shida, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, ni hospitali usiku huu. Ikibaki hapo ulipoiona na hana dalili, apelekwe kesho asubuhi. Sukari apimwe palepale, na mkojo waangalie protini.

Karatasi ya kambi abebe, daktari ataihitaji akishamaliza na presha.